Hoja za Benjamin kuhusu historia: ununue kitabu kipi?

Kwa anayetaka kujua teolojia na uyakinifu wa kihistoria (nadharia ya Marx kwamba historia huendeshwa na hali za kiuchumi na mapambano ya kitabaka) vinakutana wapi, pa kuanzia ni hoja 18 kuhusu historia za mwanafalsafa Mjerumani Walter Benjamin (na nyongeza mbili, A na B). Aliziandika mwaka 1940, miezi michache kabla ya kufa kwake Portbou, mji wa mpakani nchini Hispania. Kwa Kiingereza zimo katika mkusanyo wa insha zake Illuminations, uliotafsiriwa na Harry Zohn (1968), na katika juzuu ya 4 ya Selected Writings ya Harvard (2003).

Illuminations ni nyepesi kubeba na rahisi kupata, ila haina hoja ya XVIIa iliyogunduliwa baadaye. Katika hoja hiyo Benjamin anasema waziwazi kwamba Marx, katika wazo la jamii isiyo na matabaka, aliufanya wakati wa Masihi kuwa jambo la kidunia, na kwamba alifanya vyema. Bila hoja hiyo utabaki kukisia. Ile ya Harvard inayo, kwenye rasimu zinazofuata hoja zenyewe, tunapendekeza hiyo.

Wengi hukwama hoja ya I. Kikaragosi kinacheza sataranji na kushinda daima. Chini ya meza kajificha kibiongo, bingwa wa mchezo, anayekiongoza kwa kamba. Kikaragosi ni uyakinifu wa kihistoria, kibiongo ni teolojia. (Mtambo halisi uliotoa mfano huu, wa mvumbuzi Kempelen, ulioonyeshwa Vienna mwaka 1770, ulificha mchezaji wa kimo cha kawaida kwenye kiti cha kuteleza.) Msomaji wa haraka huhitimisha: kumbe Umarx ni dini iliyofichwa! Sivyo. Benjamin anaandika kwamba kikaragosi ndicho kinachoitumikisha teolojia, ilhali kete zinasogezwa na kibiongo. Nani bwana, nani mtumwa? Usilimalize swali hilo mapema. Ruka kwanza malaika wa historia wa hoja ya IX, amenukuliwa hadi kuchakaa. Soma II, VI, kisha XI, anapowashambulia wanasoshalisti wa Ujerumani walioamini kwamba mkondo wa historia unawabeba.

Kazi ya kibiongo, yaani teolojia, inaonekana hoja ya II: vizazi vilivyopita vinatudai. Mwaka 1937 mwanafalsafa mwenzake Max Horkheimer alikuwa amemwandikia Benjamin kwamba dhuluma iliyopita imekwisha kutendeka na waliouawa wameuawa kweli. Kudai vinginevyo ni teolojia. Barua hiyo na jibu la Benjamin havimo katika vitabu hivi viwili. Vitafute katika The Arcades Project, kitabu cha Benjamin ambacho hakukikamilisha, kwenye faili N.