Kombe la Dunia bila kulipia kifurushi: antena, king'amuzi au bando, kipi kinafaa Dodoma?

Mbukwenyi wadau! Karibuni tena. Leo mezani tuna vitu vinne: antena ya ndani, ile ndogo ya kuweka pembeni ya TV, antena ya nje ya vijiti vya alumini, king'amuzi huru cha DVB-T2 (mfumo wa dijitali wa matangazo ya antena) kisichotumia kadi, na simu yenye bando. Kombe la Dunia la 2026 linaanza tarehe 11 Juni na kuisha 19 Julai, kule Marekani, Kanada na Mexico. Tunataka kujua mtu wa Nkuhungu, Kisasa au Chamwino ataliona vipi bila kulipia kifurushi cha mwezi, na bila kwenda kubanana kibanda umiza.

Mwenye haraka achukue jibu aondoke nalo: antena ya nje iwe ya kwanza, simu iwe ya akiba. Antena ya ndani tumeiweka mezani ili tuiseme vibaya.

Tuanze na simu, maana ndiko watu wengi wanakokimbilia. Mashindano haya yana timu 48 na mechi 104. Mechi moja, ukijumlisha mapumziko, dakika za nyongeza na zile dakika tatu za kunywa maji kila kipindi, inakaribia dakika 120. Video ya 720p hula kama megabiti 2.5 kwa sekunde. Zidisha kwa 0.45 upate GB kwa saa: ni 1.1 hivi. Kwa hiyo mechi moja ni GB 2 na ushee, na ukitaka zote 104 unapita GB 220. Shusha ubora mpaka 480p, mechi inabaki kwenye GB 1 hivi, ila kwenye TV ya inchi 43 mpira utautafuta kwa tochi. Mtu akikuambia mtandaoni ni bure, muulize bando ananunua nani.

Antena haina hesabu hiyo. Tanzania tulizima analojia kuanzia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, mikoa mingine ikafuata, na sasa matangazo ya ardhini ni ya DVB-T2. Ukipata mawimbi, umepata. Angalia dakika tano au saa tano, gharama ni ile ile ya umeme.

Kabla hujanunua king'amuzi, geuza TV yako usome stika ya nyuma au kijitabu chake. Flati nyingi za miaka ya karibuni zina DVB-T2 ndani yake, na mtu ananunua king'amuzi cha pili bila sababu. Ila soma vizuri: ikiandikwa DVB-T peke yake, bila ile 2, haitakamata kitu hapa. Mwenye TV ya chogo hana ujanja, anahitaji king'amuzi chenye matundu ya AV, yale matatu ya njano, nyeupe na nyekundu. Vingine siku hizi vinakuja na HDMI tu, na chogo haina HDMI. Hapo ndipo watu wanarudisha bidhaa dukani wakigombana.

King'amuzi huru kinafungua chaneli zisizofungwa tu. Ukiona alama ya dola mbele ya jina la chaneli, au skrini inaandika "Scrambled", hiyo ni ya kifurushi, na hakuna namba ya siri ya kuifungua hata fundi akuapie. Na kama ndani tayari una king'amuzi cha kulipia cha antena, usikitupe. Chaneli za bure za ndani zinatakiwa ziendelee kuonekana hata kifurushi kikiisha. Kiwashe uhakikishe leo.

Sasa antena yenyewe. Ya ndani inashindwa Dodoma kwa sababu mbili: bati na milima. Paa la bati na madirisha ya nondo hurudisha mawimbi, na mji wetu una vilima katikati ya mitaa, kwa hiyo ukikaa upande wa nyuma ya kilima mawimbi yanakuja yamechoka. Ya nje, juu ya mlingoti wa mita tatu hadi sita, inavuka bati. Usihangaike kubuni mnara uko wapi. Simama barabarani uangalie antena za majirani: zimeelekea upande gani, na vijiti vimelala au vimesimama. Vyako vifanye vivyo hivyo. Vijiti vikisimama wakati mawimbi yamelala, unapoteza karibu kila kitu.

Waya ununue wa ohm 75, wenye maandishi ya RG6 ubavuni. Mita 20 za RG6 nzuri zinakula zaidi kidogo ya nusu ya nguvu ya mawimbi, na ule mwembamba wa bei chee unakula zaidi, kwa hiyo usinunue mita 30 ukaviringisha 15 nyuma ya kabati. Unapofunga pini, ule wavu wa nje usiguse waya wa kati hata unywele mmoja. Ukigusa, ni shoti, na skrini itaandika hakuna mawimbi ingawa kila kitu kingine ni kizima. Kiungo cha juu kizungushie utepe wa mpira. Mvua Juni hatuna, lakini vumbi na upepo tunao, na upepo wa kiangazi hapa unageuza antena kidogo kidogo mpaka siku ya mechi unaikuta inaangalia Singida. Mlingoti ufunge kwa waya tatu, kila moja upande wake.

Kuna busta. Hapa ndipo tunapotofautiana na mafundi wengi, wanaoibandika kila nyumba. Busta inakuza mawimbi pamoja na kelele zake. Ukiwa mbali, Bahi au Kongwa, inasaidia, na iwekwe juu karibu na antena, siyo chini nyuma ya TV. Ukiwa karibu na mnara, inajaza king'amuzi kupita kiasi na picha inaganda. Dalili ni rahisi: kwenye menyu kuna mistari miwili, mmoja wa nguvu na mmoja wa ubora. Nguvu ikiwa 100 na ubora unarukaruka, ondoa busta. Busta ya antena nyingi hula volti 5 kupitia waya huo huo, kwa hiyo nenda kwenye menyu uwashe "Antenna Power". Isipowashwa, busta imekufa na inaziba hata mawimbi yaliyokuwepo. Antena isiyo na busta, iache imezimwa.

Hiyo mistari miwili ndiyo kipimo chako. Dijitali haina chenga kama zamani. Picha ni safi hadi kikomo chake, halafu ghafla inavunjika vipande vipande. Mmoja abaki ndani akisoma ubora, mwingine juu ageuze antena kama upana wa vidole viwili, asubiri sekunde tano, ageuze tena. King'amuzi kinachelewa kusoma, ndiyo maana anayezungusha haraka hapati kitu. Ukishapata, tafuta chaneli upya kwa "Auto Search", na kwenye "FTA Only" chagua ndiyo, ili orodha isijae zilizofungwa. Mwenye kugawa waya kwa TV mbili ajue kila upande unapata chini ya nusu.

Haya yote hayakuhakikishii mechi. Chaneli ya bure inaonyesha tu zile ilizonunulia haki, na mara nyingi siyo zote. FIFA huchapisha kwenye tovuti yake orodha ya wenye haki kwa kila nchi. Soma Tanzania, halafu usubiri ratiba ya chaneli yenyewe. Bango la mtaani siyo ratiba.

Mtandaoni napo, bure halali ipo kwa mtindo huo huo wa haki. Kombe la Dunia la Klabu la 2025, mechi zote 63, DAZN, huduma ya kurusha michezo mtandaoni, ilirusha bila malipo. Ulihitaji akaunti ya barua pepe tu. Kwa hiyo ingia kwenye programu ya mwenye haki, uone kama inakuruhusu kabla ya siku ya mechi. VPN ya kujifanya uko nchi nyingine hatuipendekezi: inaongeza matumizi ya data, na Oktoba 2023 TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano, ilitaka wanaotumia VPN watoe taarifa zao. Na zile APK, faili za programu za kutumiwa kwenye makundi, tafadhali. Programu ya mpira inayoomba ruhusa ya kusoma SMS inatafuta namba ya siri ya muamala wako, siyo goli.

Pia ya mtandaoni huchelewa nusu dakika hata zaidi. Jirani mwenye antena atapiga kelele, wewe bado unaona kona inapigwa.

Saa sasa. New York kipindi hicho iko nyuma yetu saa 7, Mexico City saa 9, Los Angeles saa 10. Fainali ya New Jersey, saa 9 alasiri yao, kwetu ni saa 4 usiku. Inayoandikwa Jumamosi saa 3 usiku ya New York, kwako ni Jumapili saa 10 alfajiri, na hapo wengi wanakosea siku. Kwa mechi za namna hiyo, king'amuzi chenye tundu la USB kinarekodi. Flashi ya GB 16 inatosha mechi kadhaa, maana matangazo ya kawaida yanakula kama GB 2 kwa mechi. Weka "Time Zone" iwe GMT+3, usipofanya hivyo kitaanza kurekodi saa tatu baadaye, ukute watu wanapeana mikono. Na usizime kwenye soketi. Kiache kwenye standibai.

Mwenye sola kijijini, angalia adapta ya king'amuzi: nyingi ni za volti 12, zinaingia kwenye betri moja kwa moja na TV ya DC. Angalia tu chanya na hasi kabla hujachomeka.

Alama zetu: antena ya nje 9 kwa 10, king'amuzi huru 8, simu 6, ya ndani 3, na hizo tatu ni za mtu wa ghorofani mwenye dirisha linalotazama mnara. Jaribio lifanye leo usiku, taarifa ya habari ya saa 2. Picha ikiganda hata mara moja ndani ya dakika 20, kesho asubuhi rudi juu ukaze mlingoti.