Tathmini ya huduma ya kuandaa maombi ya udaktari Marekani

Huduma hii ya ushauri, ambayo binti yangu aliitumia kuandaa maombi yake ya vyuo vya udaktari vya Marekani, inastahili sifa hasa kwa namna inavyoshughulikia orodha ya shughuli. Fomu ya AMCAS, mfumo wa pamoja wa kutuma maombi kwa vyuo vingi vya udaktari vya huko, inaruhusu shughuli 15, na 3 kati ya hizo mwombaji huzieleza kwa kina zaidi. Mshauri alimkataza kujaza nafasi zote kwa vyeti vya semina, akamtaka aeleze ukalimani anaoufanya kwa kujitolea katika kliniki, pamoja na siku ambayo mzee mmoja aliitikia "ndiyo" kwa kila swali ilhali hakuelewa anywe vidonge vingapi. Hapo ndipo mwombaji bora anapowapita wenzake, kwani alama za juu za MCAT, mtihani wa kuingilia vyuo hivyo ambao kilele chake ni 528, wanazo wengi. Insha, yenye kikomo cha herufi 5,300, ilisomwa kwa makini, ingawa mshauri alipenda mno maneno makubwa. Mazoezi ya usaili yalikuwa hafifu, na bei, kusema kweli, inauma. Asiyewahi kuhudumia wagonjwa afadhali atumie fedha hizo kwa nauli ya kwenda kujitolea hospitalini.