Kocha wa nailoni na jasho langu la bure

Msimu huu wa korosho nilijiunga na jimu moja hapa Mtwara mjini. Jina silitaji. Mashine zao sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni siku ile ya nailoni.

Nimefika jioni, joto la huku mnalijua wenyewe, na upepo wa baharini siku hiyo umegoma. Kocha, kijana wa rika la mwanangu, hata shikamoo hakunipa. Kachukua nailoni, kanizungushia tumboni mara nne tano, juu yake kakaza mkanda wa mpira. "Kimbia mama, mafuta yatoke na jasho." Nikakimbia mpaka nikaona giza. Aliponifungua, maji yalichuruzika mpaka kwenye soksi. Mzani ukaonyesha nimepungua kilo moja na robo, akapiga makofi. Nikaenda nyumbani, nikala, nikanywa maji. Kesho yake kilo zote zimerudi.

Mimi nafundisha baiolojia. Niliporudi nikamwambia kwa upole: mwanangu, jasho ni maji na chumvi, kazi yake kupoza mwili. Mafuta yanavunjwa ndani ya seli kwa oksijeni, yanageuka hewa ukaa na maji. Katika kilo 10 za mafuta zinazopotea, kilo 8.4 zinatoka kwa pumzi kama hewa ukaa, 1.6 ndiyo maji. Hesabu hiyo watafiti wa Australia, Ruben Meerman na Andrew Brown, waliichapisha mwaka 2014. Nikahemea kioo cha simu, kikaingia ukungu. Nikamwambia, haya ni maji tu, mzigo mkubwa umeshapita na huuoni.

Akacheka. "Basi mwalimu kaa nyumbani upumue, utakonda." Jimu nzima ikaangua kicheko, na mwanafunzi wangu wa zamani akiwemo.

Pale sikumjibu, koo lilinikaba. Namjibu hapa. Kuhema haraka haraka umekaa kunakupa kizunguzungu, hakuchomi mafuta. Lazima misuli idai nguvu, na sahani ipungue, ndipo mwili uguse akiba yake. Pumzi ni mlango wa kutokea, jiko liko ndani ya seli. Kuna ugumu gani hapo?

Nikitulia, nakiri sketi zangu zimelegea. Yule kijana anakuhesabia mizunguko, hakuachi uzembee, na asubuhi yupo kabla yenu. Kwa mazoezi peke yake ningesema nendeni, na nilishaanza kufikiria kulipia mwezi mwingine.

Sasa juzi nimepita mlangoni, namwona dada mmoja ambaye presha yake naijua, kafungwa nailoni ile ile, uso umemvimba, anaambiwa aongeze kasi. Nimeingia nikaikata mwenyewe kwa mkasi wa kwenye pochi. Msiende. Mwenye presha asikanyage pale mpaka waitupe.

Mimi jioni natembea kwa miguu mpaka ufukwe wa Shangani na kurudi, nahema, silipi mtu.