Kishikio cha bodi kwa kazi ya kulehemu: kipi kinatulia, kipi kinayumba

Risasi ya kulehemu ya 63/37, yaani bati asilimia 63 na madini ya risasi 37, huganda palepale inaposhuka chini ya nyuzi 183 za Selsiasi. Ya 60/40 hupita kwanza kwenye hali ya uji, kati ya nyuzi 190 hivi na 183. Bodi ikitikisika katika muda huo mfupi, kiungo kinatoka na chembechembe, rangi ya kijivu, kimeshika kwa macho lakini umeme unapita kwa kubahatisha. Redio inarudi baada ya wiki mbili na fundi anaanza kuishuku aisii (chipu) nzima isiyo na kosa. Ndiyo maana kishikio kinastahili kuchaguliwa kwa makini kama pasi ya kulehemu yenyewe, na kinachopimwa ni kutulia kwake. Wingi wa mikono na lenzi hauongezi utulivu.

Tuanze na kile kidogo chenye klipu mbili za meno na lenzi juu, maana ndicho wengi wanachouziwa kwanza. Kwa kuunga waya, plagi na jeki kinafaa. Kwa bodi, hapana. Kitako ni chembamba, viungo vyake vya duara vinalegea bodi ikishakuwa na transfoma au hitisinki (chuma cha kupozea), na meno ya klipu yanakwangua rangi ya kijani hadi shaba inaonekana. Ukiegemeza ncha ya pasi, bodi inakukimbia.

Kinachostahili fedha ya fundi anayeanza ni kile cha reli: fremu ya chuma, miguu miwili inayoteleza, kila mguu una taya yenye mfuo wa kuingiza ukingo wa bodi, na taya zinazunguka duara zima ili ugeuze bodi juu chini bila kuifungua. Cha ukubwa wa kawaida kinabeba bodi hadi milimita 200 kwa 140. Arduino Uno, bodi ndogo ya kuprogramu yenye 68.6 kwa 53.4, inakaa humo na nafasi inabaki tele; bodi kubwa ya pawa ya televisheni huenda isiingie, kwa hiyo pima kwanza bodi unazozishika kila siku. Mara nyingi hakina jina la kampuni, na ubora unatofautiana hata kati ya viwili vilivyotoka boksi moja. Ukienda Kariakoo au mtaa wa Luthuli, Nairobi, nenda na bodi chakavu ya unene wa milimita 1.6 ukakijaribu palepale kaunta.

Jaribio la kwanza: funga bodi, kisha bonyeza pembe yake kwa kidole kimoja kwa nguvu unayotumia kusukuma pasi. Ikiinama, skrubu ya mzunguko haishiki. La pili: igeuze bodi mara kumi mfululizo na uangalie kama skrubu za vidole zimelegea zenyewe. La tatu ndilo muhimu kuliko yote, na wengi hawalifanyi. Laza rula ya chuma juu ya bodi iliyofungwa, kwanza kutoka pembe hadi pembe, kisha kwenye pembe mbili zilizobaki, halafu chungulia chini yake. Ukiona mwanga upande mmoja, taya hazitazamani sawasawa na bodi inasokotwa.

Kusokotwa huko kunaua kapasita za kauri, zile ndogo za kahawia zisizo na miguu. Kauri haipindi, inapasuka, na ufa huwa chini karibu na ncha ya chuma ambako jicho halifiki. Kapasita ikipasuka hivyo kwenye laini ya umeme, baadaye inaweza kupiga shoti na kuungua, na chanzo chake kilikuwa taya iliyokaa upande. Kishikio kikishindwa jaribio hili, kirudishe na uchukue kingine. Usidhani utakinyoosha kwa koleo nyumbani.

Kasoro nyingine zinatibika. Kitako chepesi kifunge kwa skrubu nne juu ya kipande cha plaiwudi ya milimita 18, upana sentimita 30 kwa 20, na chini yake ubandike miguu ya mpira. Baada ya hapo hakisogei tena. Skrubu zinazolegea ziwekee washa ya springi. Taya za chuma zinazogusa eneo pana la ethi (shaba ya upande hasi wa umeme) zinakunywa joto, na kiungo cha karibu kinakataa kuyeyuka hata ukiongeza nyuzi kwenye pasi. Funika mfuo kwa kipande chembamba cha silikoni. Mpira wa kawaida utanuka na kuungua.

Kukaza nako kuna kiasi chake. Kaza hadi bodi iache kuteleza, kisha ongeza robo mzunguko tu. Bodi za kawaida za nyuzi za kioo huanza kulainika kwenye nyuzi 130 hadi 140 hivi, na blowa ya upepo wa moto mara nyingi huwekwa 350. Bodi iliyobanwa sana ikipata joto hilo inajipinda kama upinde, na ikipoa inabaki hivyo hivyo. Kabla ya kuwasha blowa, legeza taya kidogo.

Kwa anayelehemu kutwa, vishikio vya PanaVise, kampuni ya Marekani, viko daraja jingine. Kitako chao cha modeli 300 kinatawaliwa na kishikizo kimoja: unalegeza, unainamisha kichwa, unakizungusha upande wowote, unakaza, basi. Juu yake unafunga kichwa cha modeli 315, chenye mkono wa springi na reli inayopokea bodi hadi inchi 12. Springi hiyo ndiyo thamani yake halisi, kwa sababu inabana kwa nguvu ileile kila bodi bila wewe kukadiria, na kubadili bodi ni kusukuma kwa kidole. Bei ni mara kadhaa ya kile cha reli, na hailipi kwa mtu wa bodi mbili kwa mwezi. Jiliwa lao dogo la 201 linafunguka milimita 73 tu. Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja yenye upana wa 56, inaingia, ila taya zake ni za plastiki, blowa ikae mbali.

Fundi simu asinunue chochote kati ya hivyo. Anahitaji bamba la chuma la chini lenye taya za kuteleza, linalokaa chini ya darubini na kuvumilia upepo wa moto.

Kishikio cha reli kinaonyesha faida yake unapopanga vifaa vyenye miguu. Weka vifupi kwanza: rezista na diodi, kisha soketi za aisii, mwisho kapasita za pipa na viunganishi. Kila kundi likikamilika, funika kwa sponji ngumu ya unene wa sentimita 2, ishikilie kwa kiganja, geuza bodi, lehemu. Ukiweka vyote pamoja, virefu vinainua sponji na rezista zinaning'inia nusu milimita juu ya bodi. Vifaa vilivyo ndani ya milimita 5 kutoka ukingoni viache hadi mwisho, au geuza bodi robo ubane kingo nyingine, la sivyo taya itavivunja.

Flaksi, dawa inayosaidia risasi kushika, ikitiririka kwenye mfuo hukauka ikawa gundi, na bodi inayofuata haikai sawa. Futa kwa mswaki wa zamani na spiriti kabla haijakauka.