Prosesa za bei nafuu: hesabu RAM kabla ya kuhesabu GHz

Malalamiko ya wasomaji yanafanana. Mtu kanunua laptopu ya Core i5 kizazi cha 12, RAM (kumbukumbu ya muda ambamo programu hufanyia kazi) ya 8GB na SSD mpya, lakini mchezo mwepesi tu unakatakata, na akichomeka skrini ya pili mambo yanazidi kuwa mazito. Lawama zote zinaenda kwa prosesa. Fungua mfuniko wa chini uangalie: sloti za RAM ziko mbili, moja imejazwa, ya pili iko wazi. Hiyo sloti tupu ndiyo inayoifunga prosesa miguu, na matangazo ya kuuzia laptopu karibu hayaitaji kabisa.

Sababu yake ni hii. Kipande kimoja cha RAM ya aina ya DDR4 ya kasi ya 3200 hupitisha hadi 25.6GB kwa sekunde. Ukiweka mbili, prosesa inapata njia mbili na kiasi kinafika 51.2GB. Kompyuta za bei nafuu nyingi hazina kadi ya michoro ya peke yake; sehemu ya michoro imo ndani ya prosesa na inategemea RAM ileile inayotumiwa na programu zako. Ukiandika barua au kujaza majedwali hutahisi tofauti kubwa. Ukicheza au kuhariri video utaihisi mara moja. Kwa Intel kuna hata alama ya wazi: i5-1235U ina michoro ya Iris Xe, lakini ikiwa na RAM moja tu Windows huiandika UHD Graphics. Prosesa ni ileile, jina limeshushwa kwa sababu njia ya pili haipo.

Kabla ya kulipa, bonyeza Ctrl+Shift+Esc, ingia Performance, kisha Memory, usome palipoandikwa Slots used. Ukikuta 1 of 2, unajua kuna kazi ya kufanya. Angalizo kuhusu DDR5, aina mpya kuliko DDR4: RAM moja ya aina hiyo imegawanywa ndani kwa njia mbili nyembamba za biti 32, kwa hiyo mtu anaweza kukuonyesha CPU-Z (programu ya kusoma sifa za prosesa na RAM) na kudai njia ziko mbili. RAM mbili za DDR5 zinaonekana pale kama 4 x 32-bit. Ukiona 2 x 32-bit, ni RAM moja tu.

Kwa laptopu, naiweka Ryzen 5 7530U juu ya zote, na sifichi kwamba kwa bajeti ndogo naegemea AMD. Ina viini 6 (sehemu zinazofanya kazi) na nyuzi 12 (kazi inazoweza kuendesha kwa pamoja), kache ya L3 (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa) ya 16MB, na laptopu nyingi zinazoitumia zinakubali DDR4 unayoweza kuongeza mwenyewe. Ndugu yake wa mwaka mmoja nyuma, 5625U, ni chipu ileile kwa jina jingine. Ukiikuta kwa bei ya chini, ichukue bila wasiwasi.

Ya pili ni Core i5-1235U, kwa sharti moja: RAM ziwe mbili. Ina viini 2 vya nguvu na 8 vya kubana umeme. Baadhi ya laptopu zake zina 8GB iliyogandishwa kwenye ubao na sloti moja wazi. Hapo ongeza 8GB nyingine, zilingane. Ukiweka 16GB juu ya 8GB, sehemu ya kwanza itatumia njia mbili na iliyobaki itatumia moja.

Ya tatu ni Ryzen 5 7520U, na hapa AMD wenyewe wamewachanganya watu. Katika namba za mfululizo wa 7000 wa laptopu, tarakimu ya tatu ndiyo inayosema kizazi cha usanifu: 7530U ni Zen 3, 7520U ni Zen 2, usanifu uliotoka mwaka 2019. Tofauti ya tarakimu moja inakupunguzia viini kutoka 6 hadi 4 na kache kutoka 16MB hadi 4MB. RAM yake ni LPDDR5 iliyogandishwa, haiongezwi. Ikija na 16GB inafaa kwa masomo na ofisi. Ya 8GB itabaki na 8GB mpaka siku ya kutupwa, na sehemu ya michoro itaendelea kumega humohumo.

Intel N100 na Core i3-N305 zina njia moja ya RAM kwa maumbile yake. Kuvinjari na kuandika zinaweza, umeme zinakula kidogo, basi. Celeron N4020 na Athlon Silver 7120U, zenye viini 2 na nyuzi 2, ziache dukani.

Kwa kompyuta ya mezani, Ryzen 5 5600G inaongoza ikiwa huna kadi ya michoro. Ipe RAM mbili za 8GB, na kama ubao una sloti nne, tumia ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Bao za zamani za B450 zinahitaji BIOS (programu ya ubao inayowasha kompyuta) isasishwe kwanza, la sivyo feni zitazunguka na skrini itabaki nyeusi. Core i3-12100 inafuata: ina viini 4 tu, lakini kwa kazi inayotumia kiini kimoja inaishinda 5600G. Michoro yake ya UHD 730 ni dhaifu. Kagua pia ubao wake ni wa DDR4 au DDR5, kwa kuwa RAM ya aina moja haiingii kwenye sloti ya nyingine. Ukiona herufi F mwishoni, kama 12100F, hiyo haina michoro kabisa. Bila kadi hutapata picha.

Wauzaji wanaoandika "Core i5" peke yake wanawaumiza watu. i5-7200U nayo ni Core i5, ina viini 2, na haimo kwenye orodha ya prosesa ambazo Windows 11 inazikubali, wakati Windows 10 iliachwa tarehe 14 Oktoba 2025. Mnunuzi analipa kwa jina halafu anabaki na mashine isiyopata masasisho ya kawaida. Dai jina kamili la prosesa hadi herufi ya mwisho, na uulize RAM ni ngapi, zimegandishwa au zinatoka.

Ukishapata RAM ya pili, zima laptopu, chomoa chaja, fungua, na chomoa waya wa betri kabla ya kugusa kingine chochote. Ingiza RAM ikiwa imeinama kiasi cha nyuzi 30, isukume ndani, kisha ibonyeze chini mpaka vibanio vya pande zote mbili vilie. Ukiwasha mara ya kwanza, hasa kwa DDR5, skrini inaweza kubaki nyeusi dakika moja au zaidi kompyuta ikiipima RAM mpya. Usiizime.