Kamera ndogo ya mfukoni: kasi kwanza, betri na kadi baadaye

Niseme mapema nimezipangaje kamera hizi, ili usipokubaliana nami ujue tumeachana wapi. Betri ikiwa dhaifu, unanunua ya pili. Kadi ikijaa, unachomeka nyingine. Lakini kamera ikiwa nzito kuamka, huna la kufanya, maana kasi haiuzwi kando. Ndiyo sababu kasi ndiyo iliyoamua nani atangulie.

Na kasi ninayoisema si ile ya kwenye boksi. Watengenezaji hupenda kutangaza idadi ya picha kwa sekunde: 10, 20, 30. Kamera yangu ya kwanza ya mfukoni ilikuwa na sifa hizo zote. Siku mpwa wangu alipopanda ukuta na kuruka, niliichomoa, nikaiwasha, nayo ikaanza kutoa lenzi polepole kama kobe anayechungulia. Nilipata picha nzuri sana ya ukuta.

Kuna nyakati tatu za kupima. Ya kwanza ni kuanzia kubonyeza kitufe cha kuwasha hadi kamera iwe tayari. Ya pili ni kuanzia kubonyeza kitufe cha kupiga hadi picha ipatikane; hapo kinachokula muda ni fokasi, yaani kamera kulenga kitu kionekane wazi, ndiyo maana wazoefu hubonyeza nusu kwanza, wakasubiri, kisha wakamalizia. Ya tatu ni ile ya baada ya kupiga mfululizo, kamera inapohamishia picha kwenye kadi na wewe umebaki umeishika tu. Ukiwa dukani, usijaribu kwenye mwanga mkali karibu na mlango. Nenda kona yenye giza kidogo, izime, iwashe, mpige mtu anayetembea. Nusu dakika hiyo itakuambia mengi kuliko karatasi ya sifa.

Sasa mpangilio wangu.

Ya kwanza ni Sony RX100 VII. Ilitoka 2019 na bado naiweka juu. Fokasi yake ina vituo 357 na hushika jicho la mtu na kulifuata anaposogea, huku ikipiga picha 20 kwa sekunde bila kioo kuingia giza. Lenzi inaanzia milimita 24, ya kuona kwa upana, hadi 200, ya kuvuta mbali, kwa hiyo utapiga kikundi chumbani na mchezaji aliye mbali kidogo uwanjani. Kasoro zake zipo: lenzi hutoka nje inapowashwa, betri imepimwa kwa picha 260 tu kwa chaji moja, na ukiibonyeza mfululizo mrefu utasubiri kadi imalize kuandika. Tundu la chaji nalo ni la kizamani, micro USB. Lakini mtoto anayekimbia haimkosi.

Ya pili, na kwa watu fulani ndiyo ya kwanza, ni Ricoh GR IV ya 2025. Huwaka kwa takriban sekunde 0.6. Tena ina ujanja mmoja: unaweka umbali mapema, tuseme mita 2, kisha ukibonyeza kitufe moja kwa moja hadi mwisho kamera haitafuti fokasi kabisa, inapiga. Ndani ina hifadhi yake ya takriban GB 53, hivyo hata ukisahau kadi nyumbani kazi inaendelea. Inachokunyima ni zumu, maana lenzi ni ya milimita 28 tu, na flashi ya ndani haina. Kadi yake ni microSD, ambayo ukiiangusha kwenye nyasi uisamehe tu. Ukipata GR III iliyotumika, huwaka kwa sekunde 0.8 hivi, ila hifadhi ya ndani ni GB 2 na betri ni picha 200, kwa hiyo usiondoke bila betri ya akiba.

Ya tatu ni Panasonic TZ99, kwa msafiri anayetaka kuvuta vitu vya mbali. Zumu ni mara 30, lenzi 24 hadi 720, na huchajiwa kwa USB-C. Betri yake inazizidi zote mbili za juu. Sensa, kile kipande kinachopokea mwanga, ni ndogo, kwa hiyo usiku ndani ya nyumba picha hujaa chengachenga. Mchana hutakuwa na ugomvi nayo.

Ya nne ni Canon G7 X Mark III. Najua wengi watashangaa, maana ndiyo inayosifiwa zaidi na wanaojirekodi video. Lenzi yake ya f/1.8, yaani inayofunguka sana, inapenda mwanga hafifu kweli, lakini fokasi hutangatanga kwenye mwanga huohuo, mbele, nyuma, mbele tena. Betri ni picha 235. Kwa anayekaa mbele ya kamera akazungumza haina shida.

Fujifilm X100VI nimeiacha nje kwa sababu ina gramu 521, na mfuko unaoibeba unaitwa mkoba. Kama unaishi majini, tazama OM System TG-7: inazama hadi mita 15 bila kifuniko.

Kuhusu hizo namba za betri: zinatokana na kipimo cha CIPA, chama cha watengenezaji kamera cha Japani. Hupigwa picha moja kila sekunde 30, nusu yake kwa flashi, zumu ikisogezwa, na kamera ikizimwa kila baada ya picha kumi. Ricoh haina flashi wala zumu, kwa hiyo picha zake 250 zimehesabiwa bila mizigo hiyo, usizilinganishe moja kwa moja na 260 za Sony. Ukipiga harakaharaka bila flashi utapita namba hizo kwa mbali. Ukirekodi video au ukiacha Wi-Fi wazi, hutazifikia. Nunua betri ya pili siku hiyohiyo.

Kadi haihitaji falsafa nyingi. Video ya 4K ya megabiti 100 kwa sekunde hula kama GB 45 kwa saa, na kadi yenye alama ya V30, inayoahidi kuandika angalau MB 30 kwa sekunde, inaimudu bila jasho. Kadi za UHS-II, zile za kasi zaidi zinazouzwa ghali, ni hasara kwenye Sony na Canon hizi, kwani tundu lao ni la UHS-I, la kasi ya chini. Mimi hununua mbili za GB 64 badala ya moja ya 128, ili moja ikifa nibaki na nusu ya safari. Na kabla ya kuiamini kadi mpya, ijaze yote kwa programu ya H2testw au F3 uone kama inasomeka hadi mwisho. Niliwahi kuuziwa iliyoandikwa 128, kumbe ilikuwa na GB 8, na ilizipokea picha zote bila kulalamika.