TAHADHARI: Cheti cha Scrum cha "wikendi moja bila mtihani" kinachouzwa Kisumu

Ndugu zangu wa Kisumu, Kakamega na Busia, kuna mtu anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya wanaotafuta kazi akiuza "kozi ya Agile yenye cheti cha kimataifa" kwa shilingi 18,500. Agile ni namna ya kuendesha miradi, hasa ya programu za kompyuta, kwa hatua fupifupi, na Scrum ni mfumo wake mmoja maarufu. Usimtumie hata senti. Mpwa wangu, aliyemaliza diploma ya kompyuta mwaka jana, ameshalipa. Hiyo ilikuwa pesa ya mama yake, dada yangu, anayeuza omena Dunga.

Darasa lilikuwa Jumamosi moja, kwenye chumba cha kukodi ghorofani katikati ya mji. Kitabu waliuziwa kando, shilingi 1,500. Nimekishika mwenyewe: ni fotokopi ya Mwongozo wa Scrum wa Ken Schwaber na Jeff Sutherland, ambao mtu yeyote anaupakua bure kwenye intaneti. Ukurasa wenye majina yao umenyofolewa. Tena ni toleo la 2017, bado linataja "Timu ya Wasanidi", yaani wanaotengeneza bidhaa yenyewe. Toleo la Novemba 2020 liliondoa jina hilo, likabaki Wasanidi tu ndani ya Timu moja ya Scrum, na likaongeza Lengo la Bidhaa. Ukikariri kitabu hicho, unaingia kwenye mtihani wa kweli na majibu yaliyopitwa na wakati.

Cheti chenyewe kina muhuri wa dhahabu na sahihi ya "mkurugenzi", lakini hakina namba wala mahali pa kukihakiki. Mwajiri mmoja alitafuta jina la kijana kwa waliodaiwa kukitoa, hakuliona. Nafasi ikampita.

Sasa jueni utaratibu halisi. PSM I, cheti cha kwanza cha Scrum kinachotolewa na shirika la Scrum.org, haihitaji darasa lolote. Unalipa dola 200 moja kwa moja kwao, unafanya maswali 80 kwa dakika 60 ukiwa nyumbani, na unapita ukipata asilimia 85. CSM, cheti kama hicho cha shirika jingine, Scrum Alliance, ina darasa la lazima, lakini mwalimu lazima awe amethibitishwa nao, na jina lake unalikuta kwenye tovuti yao. PMI-ACP, cheti cha Agile cha taasisi ya PMI, inadai uzoefu wa kazi kwanza, kwa hiyo anayemuuzia kijana aliyetoka chuoni jana anadanganya mchana kweupe.

Huyu mtu pia anajitolea "kukufanyia" mtihani wa kweli, ili mradi umpe baruapepe, neno la siri na picha ya kitambulisho. Hapo ndipo ninapoogopa zaidi, maana pesa hutafutwa tena, lakini kitambulisho chako kikiwa mikononi mwa tapeli hujui atakitumia wapi.

Sisemi kila anayefundisha ni mwizi. Wapo walimu wazuri hapa kwetu na Nakuru, wanaotoza ada ya kufundisha na kukuambia wazi kwamba mtihani utaulipia mwenyewe kwa wenye mtihani. Asiyekuambia hivyo, muulize, na akianza kuzungukazunguka, ondoka.

Kama huna pesa ya darasa, anza na Mwongozo wa 2020, kisha jipime kwa Scrum Open, zoezi la bure la maswali 30 kwenye tovuti ya Scrum.org. Rudia mpaka uweze kueleza kwa maneno yako kwa nini Sprinti, yaani kipindi kimoja kifupi cha kazi katika Scrum, haizidi mwezi mmoja na nani ana haki ya kuivunja katikati. Ukikwama hapo, usilipie mtihani bado.

Waliokwisha kulipa, msifute mazungumzo ya WhatsApp. Tumeni ujumbe wa M-Pesa kwa 456 upesi kuomba pesa irudishwe, kwa sababu ikishatolewa ni vigumu. Kisha nendeni kituo cha polisi mpewe namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi. Mpwa wangu anayo yake. Kama ulikuwa kwenye darasa lile la Jumamosi, andikisha na wewe, kwa maana lalamiko la mtu mmoja hukaa tu kitabuni.